Msiba wa Taratibu Ulikosa Mfiwa

Ninyi vijana mnaotia sauti kwenye filamu siku hizi mnajifungia chumbani na kompyuta. Mkikosea mnafuta, mnarudia. Juzi mjukuu wangu alinionyesha anavyofanya. Nikamuuliza, "Na watu wakikuzomea?" Akanijibu, "Nani wa kunizomea, babu? Niko peke yangu." Nikajua kweli kazi yangu imekwisha. Mimi nimeifanya miaka kumi na miwili nikiwa nimesimama kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, banda limejaa hadi mlangoni, na ukikosea unarushiwa gunzi la muhindi. Gunzi bichi linauma, msidanganyike.

Lakini sikuwaita hapa niwasimulie magunzi. Nataka niwaambie habari ya msiba niliouleta mimi mwenyewe Makambako kwa mdomo wangu, msiba ambao mpaka leo sijauelewa vizuri. Nitawaeleza nilivyouona, na mkielewa zaidi yangu mtaniambia.

Nyuma ya soko la Makambako palikuwa na banda la mabanzi, ndani mabenchi, mbele meza, juu ya meza televisheni moja na deki ya video. Jenereta ilinguruma nje kama ina ugomvi na mtu. Mwenye banda alikuwa Mzee Kondo, Mwislamu wa pwani, msafirishaji aliyekuja na malori mawili akaona madereva wanakaa njia panda siku mbili tatu wakisubiri mzigo, hawana la kufanya. Ilikuwa miaka ya ruksa. Vitu tulivyovisikia tu redioni tukaanza kuviona vimetandazwa barabarani. Deki ziliingia, kanda ziliingia, lugha za dunia nzima ziliingia. Wa kuzielewa hakuingia. Ndipo nikaingia mimi.

Mimi ni Mbena wa Kifanya, mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri, niliyeishia kidato cha pili. Jina langu la ubatizo lilibaki kanisani. Mjini waliniita Mdomo.

Kazi ile ilikuwa na ufundi wake. Mwezi wa saba, baridi ya huku ikikaza, deki inagoma kumeza kanda. Usiilazimishe. Unaweka jiko la mkaa hatua tatu kutoka ilipo, unasubiri ipate joto kama mgonjwa. Nilipokuwa mgeni wa kazi niliisogeza hadi hatua moja, kitufe cha kuchezea kikayeyuka, na tangu siku hiyo tukawa tunawasha kwa msumari. Pia usisimame mbele ya skrini kama mwalimu wa zamu. Simama pembeni, uangalie mdomo wa mwigizaji. Ukifunguka, sema. Ukifumba, nyamaza, hata kama sentensi yako haijaisha.

Na ukikwama, kohoa. Hilo alinifundisha Mzee Kondo. Wiki yangu ya kwanza nilikwama nikatamka kwenye kipaza sauti, "Ndugu watazamaji, hapa sijaelewa." Magunzi yalikuja kama mvua ya mawe. Mzee Kondo akaniita nje.

"Mdomo mwanangu," akasema, "mtu katoka Mawengi na magunia yake ya maharage, mwili unamuuma, kaingia kwangu apumzike. Unamwambia hujaelewa? Yeye ndiye hajaelewa! Wewe kohoa, halafu sema kitu."

"Niseme kitu gani, mzee?"

"Kitu kinachofanana na sura ya yule anayesema. Kwani una macho ya nini?"

Basi hicho ndicho chuo changu kikuu.

Sasa Taratibu. Dereva mmoja aitwaye Yusufu, kijana wa Tanga aliyekuwa akivuka mpaka na lori la Mzee Kondo, alirudi siku moja na kanda tisa chini ya kiti. Ulikuwa mchezo wa televisheni, umerekodiwa huko huko kutoka kwenye televisheni ya mtu. Haukuwa Kiingereza. Lugha yenyewe hata leo sijui ya nchi gani, ila ilikuwa lugha ya koo, kila neno kama mtu anatoa mfupa wa samaki.

Steringi wake, yaani mwigizaji mkuu, alikuwa mzungu wa makamo, mnene kidogo, kofia ya kijivu, anaendesha lori kubwa jeupe. Anasimama mbele ya nyumba, anagonga hodi, anavua kofia. Anaongea na wenye nyumba, wanacheka, wanapanda gari lao dogo wanaondoka. Yeye anabaki. Anaanza kutoa makochi, kabati, saa ya ukutani, hata kitanda cha mtoto. Anapakia bila haraka, anapangusa vumbi kwa leso. Halafu anaondoka zake. Nyumba inayofuata, vivyo hivyo.

Mngekuwa mimi mngesema nini? Nilisema ni mhamishaji wa mizigo. Nikampa jina, Taratibu. Wenye nyumba wakirudi, mama anashika kichwa analia kwenye sebule tupu, nikasema, "Anaiaga nyumba yake, mazoea yana tabu." Magari ya polisi yakitokea nyuma ya lile lori na taa zinazunguka, nikasema, "Polisi wanamsindikiza, mzigo ni wa thamani." Makambako nani asiyejua kwamba mzigo mkubwa husindikizwa? Hakuna aliyeuliza. Na mimi mwenyewe niliamini, nawaapia.

Watu walimpenda Taratibu kupita kiasi. Madereva walimpenda kwa lori, wanawake kwa kuvua kofia. Mimi nikazidi kumpamba. Siku ya kawaida, banda limejaa madereva wa Mzee Kondo, Taratibu aliwasha gari akasema, "Inshallah tutafika." Jumapili baada ya ibada, waliposhuka Walutheri wa vijijini, Taratibu yule yule alisema, "Bwana asifiwe." Wakiwemo bibi zetu wa Kibena, alinyanyua kofia akawasalimu Kibena, "Kamwene!" na banda zima likaitikia "Kamwene!" mpaka mabanzi yakatetemeka. Kabati likiwa zito alisema, "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi," na Mnyamwezi mmoja fundi wa matairi alikuwa anasimama kila mara kupokea makofi.

Mchana mmoja nilimwona mlangoni binti mmoja wa Mlangali, mjane, mtoto mgongoni. Baadaye tukamwita Mama Upendo. Alikuwa akiuza viazi vya kuchemsha mlangoni petu. Mumewe alikuwa utingo, akafa kwa homa, na shemeji zake walikuwa wanamfukuza kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu kwa tofali za mikono yao. Mji mzima ulijua. Siku hiyo hakuwa na beseni la viazi. Alikuwa na furushi, limefungwa kwa kanga, anasubiri gari la kwenda kwao.

Kwenye skrini mama mmoja alikuwa amemshika Taratibu mkono wa koti, analia, anamvuta. Taratibu akafungua mdomo. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye lile furushi. Nikasema, "Mama, lori langu halibebi mtu anayesukumwa. Anayehama kwa hiari yake nitampakia. Wewe rudi ndani ukae." Na ajabu, Taratibu akajinasua, akapanda lori, akaondoka akimwacha yule mama pale. Yaani picha ilinitii!

Nilipogeuka mlangoni hakukuwa na mtu. Kesho yake Mama Upendo alikuja na viazi. Shemeji zake walipiga kelele mpaka wakachoka, balozi wa nyumba kumi akasimama upande wake, nyumba ikabaki kwake. Kila aliyemuuliza alipata wapi nguvu alimjibu, "Taratibu kaniambia."

Nilisikia raha, lakini nilisikia pia kitu kama mwiba.

Miaka ikapita. Kanda zile zikachakaa, Taratibu akawa anatembea kwenye mistari kama yuko ndani ya mvua. Antena zikaota juu ya mapaa ya Njombe, watu wakaangalia televisheni nyumbani kwao, banda letu likabaki la mpira. Waliomshangilia Taratibu wakiwa vijana wakawa baba na mama za watu. Yusufu akaota kitambi.

Ni Yusufu huyo huyo aliyeingia bandani siku moja amekunja gazeti la Kiingereza la huko ng'ambo. Akaliweka mezani mbele yangu. Picha ilikuwa na kofia ile ile, nywele zimekuwa nyeupe.

"Soma, Mdomo," akasema. "Mimi nimeona tu kwamba kafa."

"Steringi hafi," akasema mmoja wa waliokuwepo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya banda, tangu kanda ya kwanza: apigwe, atupwe mtoni, steringi hafi.

"Kafa. Picha hii hapa."

Nikaliinamia gazeti. Jina lilikuwa refu, haliingii mdomoni. Kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili niliona kweli amekufa, na mengine yote yalikuwa ukungu wa asubuhi. Nikakohoa. Nikasema, "Amefariki usingizini, amezungukwa na watoto wake."

Yusufu akalia. Mwanaume mzima, kitambi kinaruka, anajifuta kwa tambara la grisi mpaka uso ukawa mweusi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kesho yake alikuwa na safari ya Songea kuchukua mahindi, na huko njiani akausambaza msiba. Aliporudi alikuwa ameweka matawi mabichi mbele ya lori na kuwasha taa mchana kweupe, kama gari lililobeba maiti, na nyuma yake malori mengine manne, matawi hivyo hivyo. Kifanya watu wakasimama kando ya barabara, wakavua kofia. Njombe mjini wakawasimamisha.

"Poleni. Mwili uko gari lipi?"

"Hakuna mwili."

"Umetangulia?"

"Amezikwa huko huko kwao."

"Kwao wapi? Marehemu wa ukoo gani?"

"Taratibu."

Basi Njombe nzima ikaanza kutafuta ukoo wa Taratibu. Wengine walisema ni Wakinga, wengine wakabisha kwamba Wakinga hao wangewajua. Waliomkumbuka steringi wetu nao walikuwa wengi, wakapanda magari. Tangazo lilikuwa moja: matanga yatakaliwa Jumapili, bandani kwa Mzee Kondo.

Jumamosi nikatembelewa nyumbani na Mwalimu Tumaini. Alikuwa anafundisha Kiingereza sekondari, na alipokuwa mwanafunzi alikuwa akitoroka kipindi cha michezo kuja kumwona Taratibu. Yusufu alikuwa amempa gazeti. Alikaa kwenye kigoda changu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Kaka Mdomo, wewe ulikuwa unatafsiri nini?"

"Nilikuwa natafsiri yaliyokuwemo."

"Hapa wameandika alipata umaarufu kwa kuigiza mwizi. Mwizi mpole anayejifanya mhamishaji, anawakomba watu nyumba nzima! Na alikuwa anaishi peke yake. Hao watoto waliomzunguka umewatoa wapi?"

Nilimwomba. Nawaambieni ukweli, nilimwomba mikono miwili. Nikamwambia mimi sina shamba la maana wala ng'ombe, kitu pekee nilichonacho mji huu ni kwamba watu wanaamini nikifungua mdomo. Hilo likiondoka, nabaki nani? Akaacha kucheka.

"Kesho utasema wewe au niseme mimi?" akauliza.

Akaondoka na gazeti lake.

Jumapili watu walijaa kupita hata enzi za kanda. Waliotoka Kifanya walileta kuni na maharage, wa Makambako mchele, wanawake wakatandika mikeka ndani, wanaume wakakaa nje kwenye moto. Mtu, sijui nani, alikuwa ameifunika televisheni kwa kanga. Na kila aliyeingia aliuliza swali moja: "Mfiwa ni yupi, nimpe pole?"

Hakukuwa na mfiwa. Mmeshaona wapi msiba usio na mfiwa? Pole zilizunguka bandani hazina pa kutua. Bibi mmoja akaipa pole televisheni. Akina mama wa Kifanya wakamwendea Mzee Kondo kwa kuwa ndiye mkubwa wa umri, wakamshika mkono. Akaurudisha mkono haraka.

"Hapana jamani, mimi si ndugu yake. Mimi nina jenereta tu."

Kisha likaja la dini. Mzee Kondo alikuwa amemwalika shehe asome dua. Walutheri walikuwa wamekuja na kwaya, na kwaya imeshakohoa, iko tayari.

"Taratibu alikuwa Mwislamu," Yusufu akasema. "Hakuondoa gari bila Inshallah."

"Mwislamu gani?" akadakia mzee wa kanisa. "Nimemsikia kwa masikio yangu akisema Bwana asifiwe!"

"Ulikuwa umesinzia."

"Wewe ndiye ulikuwa umesinzia!"

Wakabishana, sauti zikapanda, mpaka wote wakageukia upande mmoja. Upande wangu.

"Mdomo," Mzee Kondo akasema, "wewe ndiye uliyekuwa unamsikia. Marehemu alikuwa dini gani?"

Nikakohoa.

Wakasubiri. Nikakohoa tena. Hakuna aliyesogea. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, kikohozi kilikataliwa. Nikamwona Mwalimu Tumaini kwenye mkeka ameshika gazeti, ananitazama, anaanza kuinuka.

Nikasema kabla yake. "Ndugu zangu, dini yake siijui. Lugha yake sikuijua, hata neno moja. Yote aliyoyasema niliyasema mimi. Na kwenye mchezo ule hakuwa mhamishaji. Alikuwa mwizi."

"Mwizi wa nini?" akauliza mtu.

"Wa makochi."

"Na polisi?" Yusufu akasema. "Wewe si ulisema wanamsindikiza?"

"Walikuwa wanamkimbiza."

"Na wale waliokuwa wanalia?"

"Walikuwa wameibiwa."

Palitokea kicheko kimoja, kikajifia chenyewe. Mtu akasema tumepika masufuria mawili ya maharage kwa ajili ya mwizi. Mwingine akasema wizi ulikuwa wa mchezo, aliyekufa ni binadamu. Mwingine akasema lakini binadamu huyo hatukumjua, tuliyemjua ni Taratibu, na Taratibu hakuwepo. "Sasa hakuwepo amekufaje?" Shehe na mzee wa kanisa walitazamana kama watu waliopotea njia moja. Mzee Kondo akavua baraghashia, akajikuna, akauliza, "Sasa hapa tumekaa kwa ajili ya nani?" Mimi nilitazama chini nikingoja magunzi. Hayakuja, na heri yangekuja.

Aliyesimama ni Mama Upendo. Alikuwa mtu mzima sasa, Upendo wake yuko sekondari.

"Na mimi?" akasema. "Nani aliniambia nirudi ndani nikae?"

"Mimi."

"Wewe, Mdomo?"

"Mimi, mama. Niliona furushi."

Akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. Viatu vyangu vilikuwa havina kamba.

"Ningejua ni wewe," akasema, "ningehama."

Watu hawakucheka. Hata yeye hakusema kwa hasira, alisema kama anajiambia. Kisha akakaa chini akapiga yowe, yowe la kufiwa hasa, la kwanza siku ile. Alilia kama vile nyumba yake imeondolewa ukuta mmoja. Wanawake wengine wakamfuata. Kila mmoja sijui alikuwa analia nini, lakini walilia, na kwaya ikaanza kuimba bila kumuuliza mtu, na shehe akainua mikono akaomba dua yake hapo hapo juu ya wimbo. Hakuna aliyemzuia mwenzake.

Mama Upendo akanyamaza. Akafuta uso kwa ncha ya kanga, akainuka, akaja mpaka niliposimama. Nilidhani atanizaba kibao. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga magoti kidogo kama wanawake wetu wafanyavyo.

"Pole, mfiwa," akasema.

Nyuma yake ukajipanga mstari. Yusufu, Mzee Kondo, bibi aliyeipa pole televisheni, Mwalimu Tumaini na gazeti lake kwapani, watu wa Njombe waliokuwa bado wanatafuta ukoo. "Pole, mfiwa." "Pole sana." Ndipo na mimi nikalia, nikalia vibaya, kamasi kabisa. Nilimlilia nani? Yule mzungu aliyekufa peke yake, ambaye jina lake sikuweza kulitamka? Taratibu? Au mdomo wangu mwenyewe? Nimejiuliza miaka yote hii. Nilipokea mikono mpaka maharage yakapoa.

Basi, vijana, tieni maneno kwenye midomo ya watu, ni kazi nzuri, mimi imenilisha. Ila mjue kwamba siku moja huyo mtu atakufa, na watu wenye pole zao watakuwa wanamtafuta mfiwa.

Mama Upendo bado yumo kwenye nyumba ile, bati ni jipya. Nikipita barabarani na fimbo yangu ananiona tangu mbali, anapaza sauti majirani wote wasikie: "Kamwene, mfiwa!"

Nami namvulia kofia.